Wageni wa Noeli katika Nchi ya Ng'ombe



Wapendwa wasikilizaji, siku chache zijazo, katika Misa ya mchana ya Sikukuu ya Noeli, Mama Kanisa hatatusomea habari za hori wala za wachungaji. Hizo tutakuwa tumekwisha kuzisikia usiku na alfajiri. Mchana tutasomewa mwanzo wa Injili ya Yohane. Wengi wetu huyasikia maneno yale kwa nusu sikio, kwa kuwa ni ya juu mno, na tena saa ile harufu ya pilau imekwisha kuanza kutuita nyumbani. Lakini katikati yake mna jambo moja zito. Yohane atuambia kwamba Neno wa Mungu alikuja nyumbani kwake mwenyewe, na wa nyumbani wakakataa kumpokea. Mwinjili hasemi kwamba alikwenda ugenini akafukuzwa. Alikuja kwake. Mwenye nyumba amesimama mlangoni pake, anabisha hodi, na waliomo ndani wanamwuliza, "U nani wewe?"

Ili tulielewe neno hilo vizuri zaidi, Jumapili hii ya mwisho ya Majilio twawaomba ruhusa tutoke kidogo Bethlehemu, twende mbali, hadi nchi ya wafugaji wa ng'ombe katika jimbo la Texas, Marekani, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Ranchi si neno geni kwetu. Waliopita Kongwa wanajua jinsi macho yanavyochoka kutazama nyasi. Lakini nchi tunayoizungumzia ni kubwa kupita hayo. Ni uwanda wa juu ulio kaskazini mwa Texas, tambarare kama meza, usio na miti ya kuzuia upepo. Desemba upepo wa kaskazini huweza kushuka ghafula, na mtu aliyetoka asubuhi akiwa amevaa shati tu aweza kufikwa na theluji kabla ya jua kutua.

Mwaka 1876 mfugaji mmoja, Charles Goodnight, aliteremsha ng'ombe wapatao 1,600 katika bonde refu lenye kuta za mawe mekundu liitwalo Palo Duro. Mwaka uliofuata aliingia ubia na tajiri wa Ireland, John Adair, na ranchi yao ikaitwa JA. Mke wa Goodnight, Mary Ann, ambaye watu walimwita Molly, alikwenda kukaa naye huko. Jirani wa karibu alikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Ilipita miezi mingi bila mama huyo kuuona uso wa mwanamke mwenzake. Aliwashonea vijana wa ranchi nguo zao zilizochanika, akawafundisha wengine kusoma, akawauguza walioanguka farasi. Siku moja mchunga ng'ombe alifika akiwa na gunia, na ndani yake kuku watatu. Aliwaleta ili wapikwe. Mama Goodnight hakuwapika. Aliwafuga, akawa akizungumza nao, nao wakamfuata po pote alipokwenda. Hata uzeeni alisimulia jinsi kuku wale walivyomwondolea upweke.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twalitumia neno hilo kama adabu tu, tena mara nyingi huku tukihesabu sahani. Mama yule katika bonde la Palo Duro angelielewa kama dawa. Mgeni alileta habari za ulimwengu, sauti ya kibinadamu, na wakati mwingine kuku watatu.

Basi katika nchi ile ilikuwako desturi, ambayo haikuandikwa po pote lakini kila mtu aliijua. Msafiri alipoikaribia nyumba alipaza sauti akiwa mbali, wala hakushuka juu ya farasi mpaka ameambiwa ashuke. Akisha kushuka, alilishwa. Hakuulizwa jina lake wala atokako. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilikuwa vimewatawanya watu wengi, na wengine waliacha majina yao huko nyuma pamoja na makosa yao. Chakula hakikusubiri mpaka mtu aeleze dhambi zake. Mipakani mwa malisho vilikuwako vibanda vya walinzi, vingine vimechimbwa tu ubavuni mwa kilima. Mlango wake haukufungwa kwa kufuli. Mpitaji aliyezidiwa na baridi aliingia hata kama mwenyewe hayupo, akawasha moto, akapika maharagwe na kahawa aliyoikuta, akalala. Sharti lilikuwa moja: aoshe vyombo, na aache kuni kwa ajili ya atakayekuja baada yake.

Nao wapitaji walikuwa wengi kuliko tunavyodhani, hasa majira ya Noeli. Kazi ya kuchunga ng'ombe katika ranchi zile ilikuwa ya msimu. Vijana waliajiriwa majira ya kuchipua, wakakusanya ng'ombe, wakawatia alama, wakawasindikiza mamia ya kilomita hadi kwenye reli. Kisha vuli ilipokwisha, wengi wao waliachishwa. Mshahara ulikuwa dola 25 hadi 40 kwa mwezi, na mara nyingi ulikuwa umekwisha kabla ya theluji ya kwanza. Basi kijana alitandika farasi wake akaanza kuzunguka, ranchi hadi ranchi, akila mahali hapa siku mbili, pale siku tatu, mpaka majani yachipue tena. Hakuwa ombaomba, wala hakuonwa hivyo. Alileta barua na habari, akapasua kuni, akatengeneza tandiko, akamsaidia mpishi. Nasi tunao usemi wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale hawakujua Kiswahili, lakini jembe walilijua.

Siku ya Noeli yenyewe haikuwa na mengi. Matunda yaliyokaushwa yaligeuzwa kuwa mikate mitamu, bata mzinga wa porini alipigwa risasi, na mayai, kama yalipatikana, yalihesabiwa kama fedha. Watu walisafiri kutwa nzima juu ya farasi ili tu wawe pamoja. Katika mji mdogo wa Anson husimuliwa kwamba Noeli ya 1885 hoteli moja iliwafungulia wachunga ng'ombe milango, wakacheza ngoma usiku kucha, na kijana mmoja aliyetoka New Jersey, William Lawrence Chittenden, aliyekuwa mgeni miongoni mwao, akaliandika tukio lile katika shairi lililochapwa mwaka 1890. Mwaka 1934 watu wa Anson waliifufua ngoma ile, na wameifanya kuwa desturi yao ya kila Desemba.

Hapo twaweza kukoma na kutakiana Noeli njema. Simulizi nyingi za Noeli hukoma hapo. Lakini historia haikukoma, na mhubiri anayeikata historia mahali patamu huwadanganya waamini wake.

Ziliingia seng'enge. Mwaka 1874 Mmarekani Joseph Glidden alipewa hati ya kutengeneza waya wenye miiba, na katika miaka kumi waya huo ulikuwa umeienea nchi. Wafugaji wa kaskazini mwa Texas walijenga ua mrefu, upatao kilomita 300, kukata uwanda wote kutoka mashariki hadi magharibi. Kusudi lake lilikuwa kuzuia ng'ombe wa watu wengine, wanaosukumwa na dhoruba kutoka kaskazini, wasije wakala majani ya kusini. Katika baridi kali ya 1885 hadi 1886, na tena mwaka uliofuata, ng'ombe walishuka wakikimbia theluji, kama walivyofanya siku zote kwa silika waliyopewa na Muumba. Walifika kwenye waya wakasimama. Waliokuja nyuma waliwasukuma wa mbele. Theluji ilipoyeyuka walikutwa maelfu kwa maelfu wamekufa, wamelundikana kandokando ya ua ule.

Pamoja na waya ilikuja daftari. Serikali ya Texas ilitaka jengo kubwa la bunge katika mji wa Austin, lakini haikuwa na fedha. Ilikuwa na ardhi. Ikatoa ekari milioni tatu kwa matajiri wa Chicago ili wajenge jengo hilo, ambalo lilikamilika mwaka 1888. Ardhi ile ikawa ranchi ya XIT, na fedha za kuiendesha zikatoka kwa wenye hisa walioko London, watu ambao hawakupata kuiona theluji ya Texas wala kumsikia mtu akiita kutoka gizani. Januari 1888 ranchi hiyo ilitoa kanuni zake zaidi ya ishirini. Nyingine ni njema kabisa: hakuna kucheza kamari, hakuna pombe, hakuna kuwatesa farasi. Lakini zimo mbili zinazotuhusu leo. Moja yakataza wazururaji na watu wasio na kazi wasipokewe katika kambi yo yote, wala wasipewe wala kuuziwa chakula cha aina yo yote. Ya pili yakubali kwamba msafiri wa kweli aweza kupewa mahali pa kulala, ikiwa yafaa. Ila alipie chakula chake na cha farasi wake kwa bei iliyopangwa na kampuni, wala asikae zaidi ya usiku mmoja.

Tuwe waadilifu kwao. Wezi wa ng'ombe walikuwako, na baadhi yao walikula mezani pa watu waliokusudia kuwaibia. Mwaka 1883 wachunga ng'ombe wa ranchi kadhaa za huko walikuwa wamegoma wakidai mshahara wa dola 50, mgomo ukashindwa, na tangu hapo wenye mali waliwatazama vijana wasio na kazi kwa jicho la hofu. Anayetunza mali ya wengine hana budi kuhesabu, na sisi tunaotunza hesabu za parokia twalijua hilo. Lakini angalia jambo moja. Kabla ya kanuni ile, mlinzi wa kibanda alipomlisha mpitaji alikuwa anatenda wema. Baada yake, mlinzi yule yule, kwa maharagwe yale yale, alikuwa anavunja amri ya mwajiri. Wema ulihesabiwa kuwa upotevu wa mali. Ng'ombe wa mwisho wa XIT waliuzwa mwaka 1912.

Hata hivyo, wapendwa, mgeni tuliyemtafuta tangu mwanzo bado hatujamfikia. Vijana wale waliozunguka majira ya baridi walikuwa ndugu wa wenyeji, lugha moja, tandiko moja. Si vigumu sana kumpokea mgeni anayefanana na wewe. Turudi basi Palo Duro, miaka michache nyuma.

Bonde lile halikuwa tupu Goodnight alipolifikia. Lilikuwa limefanywa tupu. Kwa vizazi vingi lilikuwa makao ya majira ya baridi ya Wacomanche na Wakiowa, kwa sababu kuta zake zilikinga upepo na maji hayakukauka. Tarehe 28 Septemba 1874 askari wa Marekani chini ya Kanali Ranald Mackenzie waliteremka humo alfajiri. Watu wengi walifaulu kukimbia, ila vijiji vyao vilichomwa pamoja na chakula cha baridi, na farasi wao zaidi ya elfu moja wakapigwa risasi kwa amri. Ninyi mnaoishi na wafugaji mnaelewa maana yake. Huna haja ya kumwua mfugaji ukisha kuwaua wanyama wake. Juni 1875 kiongozi wao Quanah Parker, ambaye mama yake alikuwa Mzungu aliyetekwa utotoni, aliwafikisha watu wake Fort Sill, wakakaa katika eneo walilotengewa na serikali, wakingojea posho. Posho haikutosha. Na nyati wa Marekani, ambao ndio waliokuwa ng'ombe wao, walikuwa wanamalizwa na wawindaji wa ngozi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1878 Quanah na kundi la watu wake walirudi Palo Duro kutafuta nyati. Hatudai kwamba ilikuwa siku ya Noeli. Walikuwako wanaume, wanawake na watoto. Walipita mahali walipojua kila kijito. Nyati hawakuwako, walikuwako ng'ombe wa Goodnight wenye alama ya JA ubavuni. Wakaanza kuwachinja, maana walikuwa na njaa.

Goodnight alikuwa na bunduki, na alikuwa amewahi kupigana na Wacomanche alipokuwa kijana. Lakini alikwenda kuzungumza nao. Mapatano yalikuwa haya: kila siku ya pili Wacomanche watapewa ng'ombe wawili, mpaka watakapohakikisha wenyewe kwamba nyati hawako, nao hawataligusa kundi lililobaki. Pande zote mbili zilishika neno lao. Watu walikula, wakatafuta, hawakupata kitu, na mwishowe wakarudi walikotoka. Goodnight na Quanah waliendelea kuwa marafiki mpaka Quanah alipofariki mwaka 1911. Katika mwaka ule ule wa 1878 Mama Goodnight, aliyewasikia ndama wa nyati wakilia baada ya mama zao kuuawa, alimwomba mumewe awaokoe wachache. Na uzao wa nyati wale uko hai mpaka leo katika hifadhi ya Caprock Canyons, Texas.

Hatumtangazi Goodnight kuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara, na ng'ombe wawili kila siku ya pili walikuwa bei nafuu kuliko vita. Isitoshe, mwenye kutoa alikuwa amekaa juu ya mali ya mwenye kupokea. Quanah alipokelewa kama mgeni, akashukuru kama mgeni, katika nyumba aliyokuwa akilala humo miaka minne tu iliyopita. Twasifu mapatano yale, maana watoto walikula; wakati huo huo yatuuma. Tukimwuliza Mwinjili Yohane, nani hapo alikuwa mgeni na nani mwenyeji, tunadhani angetutazama muda mrefu kabla ya kujibu.

Twalisema hili kwa sababu linatugusa sisi wenyewe. Katika parokia moja tuliyoitumikia, miaka mingi iliyopita, mkesha wa Noeli ilifika familia ya wafugaji. Ukame ulikuwa umewamaliza. Walikuwa na ng'ombe kama kumi, mifupa mitupu, na mzee mmoja aliyetembelea fimbo. Waliomba kulala katika baraza ya ukumbi na kunywesha kwenye kisima. Ukumbi ulikuwa umepambwa, kwaya walikuwa wanafanya zoezi la mwisho, na maua yaliyopandwa na Wanawake Wakatoliki yalikuwa yamechanua kuzunguka kisima. Tulimtuma mlinzi awaambie waje baada ya sikukuu. Tulisema kwa upole, tena tuliongeza kwamba tutawaombea.

Asubuhi, tulipokuwa tunavaa kwa ajili ya Misa ya kwanza, katekista wetu mzee, ambaye alizaliwa kijijini hapo, alituuliza wale watu wa jana wamelala wapi. Tukamweleza. Alinyamaza, akawa anazifunga kamba za alba yetu. Kisha akasema, "Baba Padre, yule mzee namfahamu. Kisima kile walikichimba baba zake, kabla misheni haijapewa kilima hiki."

Tulimtuma mlinzi kwa baiskeli awafuate. Alirudi saa tano, viatu vimejaa matope; walikuwa wamekwisha kuvuka mto, na nyayo zilipotea katika mchanga wa ng'ambo. Kengele ya Misa ya mchana ilikuwa inapigwa. Tukapanda altareni, na shemasi akafungua kitabu cha Injili mahali pale pa Yohane.